Mzazi, Mwachie Mkutubi: Mwongozo kwa Wanaosomesha Watoto Nyumbani

Mzazi uliyeamua kuwasomesha watoto wako nyumbani, wewe tunakufahamu. Ubao umeutundika sebuleni, ratiba umeibandika kwenye friji, na rangi za ratiba hiyo ni nyingi kuliko masomo yenyewe. Saa tatu asubuhi wewe ni mwalimu wa hisabati. Saa sita ni mpishi. Saa nane ni mwalimu wa Kiswahili, na ikifika saa kumi mkono mmoja unasahihisha insha na mwingine unakoroga mchuzi. Watoto wamekuchoka. Nawe umewachoka, ila hujapata pa kusemea.

Dawa ipo mjini, na umekwisha kuilipia kwa kodi yako. Ni maktaba ya umma.

Kasoro kubwa ya elimu ya nyumbani haitokani na mtaala wala na uhaba wa vitabu. Inatokana na mtu mmoja kuwa ndiye anayeuliza maswali, ndiye anayejua majibu, ndiye anayetoa alama, na ndiye anayeamua nani apewe nyama mbili. Mtoto anayekulia chini ya mamlaka ya namna hiyo hujifunza mapema kusoma uso wa mama yake badala ya kusoma kitabu. Anahitaji mahali ambapo mama ni mama tu, baba ni baba tu, na maswali anayauliza yeye. Hatua zinazofuata zitakusaidia kumfikisha hapo. Ngumu zaidi ni zile zinazokutaka wewe unyamaze.

Kabla hatujaanza, neno moja la sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule, na suala la elimu ya nyumbani limewahi kufikishwa mahakamani. Basi zungumza na wakili kabla ya kung'oa mtoto darasani. Na kama watoto wako wako shuleni kama kawaida, usiufunge ukurasa huu: likizo za Aprili, Agosti na Desemba zinakugeuza mwalimu wa nyumbani utake usitake.

Hatua ya 1: Ujue mlango unaoubisha

Maktaba za umma za Kenya zina mizizi katika sheria ya 1965 iliyounda Huduma ya Maktaba ya Taifa, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, KNLS. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti jukumu la maktaba za mashinani. Kwa hiyo usishangae ukikuta jina la kaunti mlangoni na muhuri wa KNLS ndani ya kitabu.

Mkaazi wa Nairobi ana Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, karibu na Msikiti wa Jamia, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi hayo mawili yamekarabatiwa kwa juhudi za Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Mombasa ina Maktaba ya Seif bin Salim, kongwe kuliko McMillan. Na ukidhani umbali ni kisingizio, kumbuka Garissa: tangu 1996 ngamia wamekuwa wakibeba masanduku ya vitabu na hema, wakiwafuata wasomaji walio mbali na mji. Wewe matatu inakushusha hatua chache kutoka mlangoni, na bado unasema maktaba iko mbali.

Siku ya kwanza msiingie mbio. Simameni nje mtazame. Mbele ya McMillan kuna nguzo kubwa na sanamu za simba, na mtoto mwenye akili timamu atauliza kwa nini simba wanalinda vitabu. Mwambie ukweli wote. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1931, nalo lilijengwa na Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa katika koloni la Kenya. Kwa zaidi ya robo karne lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika aliyelipita kila siku akienda kazini hakuruhusiwa kukaa kwenye meza zake na kufungua kitabu.

Mwongezee jambo la pili. Mwaka huohuo wa 1931, katika mji wa Madras nchini India, S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mkutubi, alichapisha kanuni tano za ukutubi ambazo wakutubi wa dunia nzima wanazisoma mpaka leo. Kiini chake ni kwamba vitabu vimewekwa vitumike, na kwamba kila msomaji, awaye yote, ana kitabu chake kinachomngoja. Mwaka mmoja, miji miwili iliyokuwa chini ya dola moja: huku mlango unafungwa kwa rangi ya ngozi, kule mtu anaandika kwamba hakuna msomaji wa kufungiwa. Mtoto aliyeyasikia haya ataipanda ngazi akijua kwamba kuingia kwake kulipiganiwa.

Hatua ya 2: Ratiba ibaki kwenye friji

Wako wazazi wanaoingia maktaba na orodha ya "malengo ya leo", kalamu tatu na saa ya kupimia. Mtoto anapewa dakika ishirini za sayansi, ishirini za historia, kisha anahojiwa papo hapo kama shahidi. Mzazi wa namna hiyo amebeba darasa lake mgongoni na kulihamishia kwenye jengo la watu.

Acha hiyo ratiba. Ziara za mwanzo zisiwe na somo lolote. Kazi ya mtoto ni kuzunguka, kugusa, kuvuta kitabu, kukirudisha, kuvuta kingine. Kazi yako ni kutafuta kiti na kusoma kitabu chako mwenyewe. Ndiyo, chako. Mtoto ambaye hajawahi kumwona mtu mzima akisoma bila kulazimishwa ataamini kwamba kusoma ni adhabu ya utotoni, na kwamba siku akiwa mkubwa atasamehewa. Na simu si kitabu, hata ukiishika kwa heshima.

Chagueni siku ya katikati ya wiki, asubuhi, hasa miezi ambayo shule zimefunguliwa. Hapo ndipo familia inayosomea nyumbani ina bahati kuliko nyingine zote: sehemu ya watoto iko wazi na mkutubi ana nafasi ya kuzungumza. Mikoba mikubwa mtaiacha mapokezini na kupewa namba, kwa hiyo beba daftari, penseli na chupa ya maji ya kunywa kabla ya kuingia. Chapati ziacheni kwenye mkoba. Kitabu chenye mafuta humtangaza mwenye chapati kwa wasomaji wote watakaomfuata.

Hatua ya 3: Kadi iandikwe jina la mtoto

Kusoma ndani ya maktaba na kuazima ni mambo mawili tofauti. Ili kuazima, mtoto huhitaji uanachama: fomu, picha, sahihi ya mzazi au mdhamini, na kiasi fulani cha pesa. Viwango na masharti hutofautiana kati ya kaunti na kaunti, basi uliza mapokezini uandikiwe.

Mzazi mwenye haraka hujiandikisha yeye peke yake na kuazimia familia nzima kwa kadi yake. Anaokoa pesa kidogo na kupoteza somo kubwa. Kwa watoto wengi, kadi ya maktaba ni hati ya kwanza ya umma wanayoimiliki. Ina jina lao, ina namba yao, na inawapa haki pamoja na deni. Mtoto ajaze fomu kwa mkono wake hata kama herufi zitapanda mlima na kushuka bonde. Aikabidhi mwenyewe. Tarehe ya kurudisha kitabu aisome mwenyewe na kuiandika kwenye kalenda ya nyumbani. Umepata hapo somo la uraia, la mwandiko na la hesabu ya siku, na hukulazimika kutayarisha chochote.

Hatua ya 4: Jifunzeni namba za mgongoni

Kila kitabu kisicho cha hadithi za kubuni kina namba mgongoni, na wazazi wengi huziona namba hizo kuwa siri ya wafanyakazi. Ni mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na Melvil Dewey, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 24. Aliyagawa maarifa yote katika makundi kumi, kila kundi likagawanyika mara kumi, na kila tawi mara kumi tena, kisha nukta na desimali zikaendelea. Mwalimu wa hisabati anayetafuta sababu ya mtoto kujifunza desimali ameipata hapa: anayeshindwa kujua kwamba 599.67 inatangulia 599.7 hatampata tembo.

Anzeni na chache. Ngano na hadithi za mapokeo ziko 398.2. Hisabati 510. Nyota na sayari 523. Volkeno 551.21. Nyoka 597.96. Ndege 598. Upishi 641.5. Kandanda 796.334. Historia ya Kenya 967.62 na ya Tanzania 967.8. Lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi yake 896.392. Mtume mtoto akatafute namba moja bila kumwambia ni ya nini, arudi akueleze amekuta nini. Ni mchezo wa bure, na mtoto wa Gredi ya 4 hauchoki.

Wakishauzoea mfumo, wafundishe kuutilia shaka. Waonyeshe kwamba Ukristo umepewa namba kuanzia 220 hadi 280, ilhali Uislamu wote umewekwa 297 na dini za jadi za Kiafrika zimebanwa 299.6. Waonyeshe kwamba fasihi ya Kiingereza ina kundi lake zima la 820, na fasihi za lugha za Kiafrika, kwa mamia yake, zimekusanywa ndani ya 896. Kisha uliza: aliyepanga rafu hizi alikuwa amesimama wapi akiitazama dunia? Shaaban Robert yuko 896.392, mbali na mwanzo wa mstari, na mtoto ana haki ya kujua kwamba nafasi hiyo ilipangwa na watu. Kilichopangwa na watu kinaweza kuhojiwa. Somo hilo watoto wengi hulikuta chuo kikuu, kama watalikuta.

Hatua ya 5: Swali moja, rafu sita

Hapa ndipo mwalimu wa nyumbani anapopumzika na maktaba inapofanya kazi. Mtoto achague swali moja la kweli, linalomkereketa, nalo lifuatwe kwa wiki nzima kutoka rafu moja hadi nyingine.

Tuseme wale simba wa mlangoni wamemfanya aulize, "Ni kweli simba wa Tsavo walikula watu?" Usijibu. Najua unajua. Umeona filamu. Funga mdomo uwatume watoto rafuni.

Waanze 599.757, waliko simba wenyewe: wanawindaje, wanakula nini, na kwa nini madume wa Tsavo mara nyingi hawana manyoya ya shingoni. Waende 385 na 625 kwenye reli: njia iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Wapite 624 kwenye madaraja, kwa sababu John Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao Desemba 1898, alikuwa ameletwa Tsavo kujenga daraja. Watue 967.62 kwenye historia ya Kenya, wakutane na zaidi ya vibarua 30,000 walioletwa kutoka India, pamoja na Waafrika waliobeba mizigo na kufa bila majina yao kuandikwa popote. Wafike 616 kwenye magonjwa, wajue kwamba malaria na maradhi ya tumbo yalikuwa yakiua bila kungurumia mtu. Wamalizie 912 kwenye ramani, waifuate reli kwa kidole.

Halafu wape fumbo la wiki. Patterson alichapisha kitabu chake mwaka 1907, na baadaye akadai kwamba simba wale waliua watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza kemikali zilizomo kwenye mifupa na manyoya ya simba haohao, waliohifadhiwa katika Makumbusho ya Field mjini Chicago, walikadiria kwamba walioliwa walikuwa takriban 35. Kwa nini hesabu zimepishana kiasi hicho? Aliyesimulia alikuwa na faida gani idadi ikiwa kubwa? Kuuawa na kuliwa ni jambo moja? Vibarua Waafrika walihesabiwa? Na mifupa inaweza kusema nini ambacho kitabu hakisemi?

Mtoto aliyelipitia fumbo hilo amesoma biolojia, uhandisi, historia, afya, jiografia na kemia, na juu ya yote amejifunza kupima ushahidi. Hakuna karatasi ya mazoezi iliyochapishwa kutoka intaneti itakayompa hayo. Mwisho wa wiki aandike ukurasa mmoja, akitaja vitabu alivyotumia na namba zake. Usimsahihishie tahajia mpaka umemaliza kusoma alichosema.

Hatua ya 6: Mbele ya mkutubi, ziba mdomo

Hatua hii ni fupi kueleza na ndefu kutekeleza. Mkutubi anainama na kumwuliza mtoto, "Mwanangu, unatafuta nini leo?" Kabla mtoto hajafungua kinywa, mzazi amekwisha kujibu: "Anatafuta kitabu cha sayansi, lakini kisiwe kirefu, na afadhali kiwe na mazoezi, maana huyu ni mvivu kidogo." Mkutubi ameuliza mtu mmoja akajibiwa na mwingine, na mtoto ametangazwa mvivu mbele ya watu.

Mpe mtoto nafasi aseme, hata akianza kwa kutazama viatu vyake.

"Madam, natafuta vitabu vya nyoka."

"Nyoka wote, au wale wenye sumu?"

"Wenye sumu. Lakini nataka kujua pia sumu inatoka wapi."

Sikiliza kilichotokea. Kwa maswali mawili mtoto amelichuja swali lake, akaligeuza kutoka woga hadi udadisi. Kuwaongoza watu kutoka swali bovu hadi swali zuri ni taaluma, na wakutubi wamesomea. Tanzania ina chuo mahsusi cha taaluma hiyo huko Bagamoyo, na vyuo vikuu vya Kenya vinatoa shahada zake. Mkutubi si mlinzi wa kunyamazisha watu. Mheshimu, mwite Madam au Mwalimu, mwulize ni siku gani hana wateja wengi, na umweleze wazi kwamba watoto wako wanasomea nyumbani. Atakuonyesha mambo yasiyobandikwa mlangoni: kompyuta za watoto, saa za hadithi, vitabu vya nukta nundu kwa mtoto asiyeona, magazeti ya zamani yaliyofungwa majalada.

Magazeti hayo yana hazina. Kila mtoto atafute gazeti lililotoka siku aliyozaliwa, liwe Taifa Leo au jingine, aandike bei ya unga, habari ya ukurasa wa kwanza na tangazo lililomchekesha. Mara moja historia inaacha kuwa habari za marehemu.

Hatua ya 7: Vitabu vitatu, na kimoja kisikuhusu

Siku ya kuazima, tumieni kanuni hii: mtoto achukue kimoja cha somo mnaloshughulikia, kimoja cha hadithi, na kimoja ambacho mzazi haruhusiwi kukitolea maoni. Hicho cha tatu kinaweza kuwa cha picha za magari. Kinaweza kuwa kilekile alichoazima mwezi uliopita. Kinaweza kuwa chepesi kiasi kwamba unahisi anajirudisha nyuma. Vumilia. Mtoto anayerudia kitabu anakijenga ndani yake, na mtoto anayeshika kitabu kilichomzidi leo ataweza kukifungua tena baada ya mwaka.

Katika kile cha hadithi, kuwa na jicho. Maktaba zetu nyingi zimetegemea misaada ya vitabu kutoka ng'ambo, na misaada hiyo imewafaa watoto wengi. Lakini rafu ya watoto inaweza kujaa theluji, sungura weupe na karamu za Krismasi penye moto wa kuota. Mtoto wa Kisauni asome hayo, ila asisome hayo tu. Mwongozeni kwa wachapishaji wa hapa: East African Educational Publishers, Longhorn, Jomo Kenyatta Foundation, Storymoja. Kijana anayekaribia utu uzima mpe Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya 1996 inayomfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga akivuka mpaka kumtafuta baba yake. Mdogo wake msomee Adili na Nduguze ya Shaaban Robert jioni, kwa sauti, sura kwa sura. Aliyesikia Kiswahili hicho akiwa na miaka tisa hataandika insha kwa kusitasita.

Rafu ikiwa haina kitabu cha Kiswahili cha umri wa mwanao, tumieni intaneti ya maktaba. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, unatoa hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kiafrika, bure, kwa leseni inayoruhusu kuzichapisha na hata kuzitafsiri. Hapo mpe mtoto kazi kubwa: achukue hadithi ya Kiswahili aitafsiri kwa Kikamba, Kidholuo au Kigiriama akisaidiwa na nyanya yake. Mtu aliyeachwa nje ya elimu ya nyumbani anakuwa mwalimu wa wiki, na ndiye mwenye sifa kuliko wote humo ndani.

Hatua ya 8: Waache wakutane na watu

Jamaa zako wanaopinga elimu ya nyumbani wana swali moja wanalolirudia kila harusi na kila matanga: "Hao watoto watazoeana na watu lini?" Usiwakasirikie. Wana hoja. Majibu matamu hayatawatosha, basi wape jibu la matendo.

Ingia ukumbi wa kusomea wa maktaba yoyote ya mjini utakuta meza zimejaa vijana. Wengi hawakuja kuazima. Wamekuja na vitabu vyao wenyewe, wanajiandaa kwa KCSE au mitihani ya chuo, kwa sababu nyumbani kuna chumba kimoja, redio ya jirani na mdogo anayelia. Wanachokitafuta ni meza, mwanga na utulivu. Mtoto wako anayesoma kwenye kochi la sebuleni na kulalamika kwamba mto haukukaa vizuri anahitaji kukaa karibu na vijana hao. Hahitaji hotuba. Atajionea mwenyewe ni kitu gani mtu anakifuata kwa miguu kutoka mtaa wa pili.

Kisha afanye jambo kwa ajili ya wengine. Maktaba nyingi hukaribisha watu wa kujitolea kuwasomea watoto wadogo. Kijana wa miaka kumi na miwili anayesomea nyumbani ana asubuhi za wiki alizonyimwa mwanafunzi wa shule, na anaweza kuwasomea watoto wa chekechea wanaoletwa na mwalimu wao. Unganeni pia na familia nyingine mbili au tatu zinazosomea nyumbani, mwombe chumba au kona siku moja kwa wiki, watoto wote wasome kitabu kimoja na kukijadili. Wazazi wakae meza nyingine. Mbali. Mbali zaidi ya hapo.

Hatua ya 9: Kitabu kirudi, na kirudi kizima

Faini ya kuchelewesha kitabu ni ndogo. Kosa lake si dogo, kwa kuwa nakala inaweza kuwa moja tu na mtoto mwingine amekuja kuitafuta mara mbili. Mfundishe mwanao kumfikiria huyo asiyemjua. Kitabu kikichanika, asikifiche chini ya vingine wala asikigandishe kwa selotepu ya jikoni, ambayo baada ya muda hugeuka manjano na kula karatasi. Akirudishe, aseme kilichotokea, alipe kama inabidi kutoka kwenye akiba yake. Na wewe mzazi unayekunja kona za kurasa ili ukumbuke ulipofika, unaonwa na watoto wako. Tafuta kipande cha karatasi.

Hatua ya 10: Mpelekeeni bajeti mwenye bajeti

Somo la mwisho ni la uraia, na maktaba yenyewe ndiyo mada. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, mahali panapoorodhesha kazi za kaunti. Maktaba mtazikuta kwenye kipengele kimoja na kamari, leseni za pombe, sinema, makumbusho na michezo. Watoto watacheka. Waache wacheke, kisha waulize: katika orodha hiyo, ni nani wenye pesa za kujisemea? Wenye baa watajisemea. Wenye kamari watajisemea. Rafu haina mdomo.

Kwa hiyo andaeni orodha. Kwa miezi kadhaa watoto waandike kila kitabu walichokitafuta wakakikosa, kila kiti kilichovunjika, kila balbu iliyoungua, kila siku mlango uliofungwa mapema. Waandike pia kilicho kizuri, kwa maana mkutubi anayefanya kazi vyema anastahili kutajwa kwa wakubwa wake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa fedha wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Februari kwisha, na makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni, na Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe. Nendeni kwenye kikao. Mtoto asimame na orodha yake, ataje vitabu vya sayansi vilivyokosekana na ni vingapi, aombe fungu la kununua vitabu vipya vya Kiswahili, akae chini.

Wawakilishi wa wadi wamezoea kusikia habari za barabara na mabomba ya maji, nazo ni muhimu. Mtoto wa miaka kumi anayeomba vitabu kwa namba zake za rafu watamsikiliza, na jina la maktaba litaandikwa katika kumbukumbu za kikao. Mwaka unaofuata rudini na orodha nyingine, mkiwa na familia nyingi zaidi, za waliosomea nyumbani na za waliosomea shuleni. Maktaba moja nzuri inawatosha wote, nayo hujengwa na wale wanaoendelea kuidai.